Kizingiti Kisichofagiwa

Ndege mzuri kuliko wote niliopata kuwaona maishani alikuwa akinya juu ya mlango wa hoteli ya shangazi yangu, mjini Tororo, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nimeanza na kinyesi kwa makusudi. Watu niliosoma nao, ambao siku hizi wanazeeka kwa heshima na kutundika kalenda za ndege sebuleni, hunieleza habari za chozi wa mlimani kana kwamba wanaeleza habari za malaika: kifua kile chekundu, paji lile la kijani, mdomo uliopinda kama sindano ya fundi wa magunia, na wimbo usiokatika. Nawasikiliza tu. Wao walimwona akiwa juu ya ua. Mimi niliishi chini ya kiota chake.

Hoteli ile ilikuwa chumba kimoja cha matofali, chenye baraza mbele na jiko la kuni uani, kwenye njia itokayo stesheni ya reli. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, aliifungua baada ya kufiwa na mumewe. Hakujaliwa mtoto. Hakuwa na shamba, wala duka, wala ndugu wa kumtumia kitu. Alikuwa na meza zake, sufuria zake, na sifa moja iliyovuka mpaka, nayo ni usafi. Vumbi la kiwanda cha saruji lilipotua juu ya mji na kuigeuza migomba kuwa ya kijivu, vikombe vya shangazi viling'aa. Wachuuzi waliovuka Busia na Malaba kila siku walipitia kwake makusudi, ili wale mahali ambapo kijiko hakinuki mkono wa aliyekitumia kabla yao. Nami nililelewa katika usafi huo. Mama yangu alipofariki, shangazi alinichukua nikiwa sijaota meno, akanilea, akanisomesha kwa chapati na maharagwe mpaka chuo kikuu. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimerudi na shahada yangu, nikisubiri kupangiwa shule ya kufundisha, na wakati nikisubiri nilikuwa naosha vyombo.

Ndege alikuja pamoja na mvua kubwa. Juu ya mlango wa mbele palikuwa na kulabu ya kutundikia karabai. Asubuhi moja tulikuta utando wa buibui umening'inia kwenye kulabu ile, mzito kama kamasi, na ndege mdogo wa rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa akiuzungushia nyasi. Huyo alikuwa jike. Sijawahi kumsikia mtu akimsifu. Dume alikaa kwenye waya wa kuanikia nguo, mweusi kama mahameli, kifua kikiwaka kama kaa lililopulizwa sasa hivi, akaimba. Aliimba tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Sikumwona akibeba hata unyasi mmoja.

Nilikuwa na wakati mwingi, kwa hiyo nilimtazama jike akijenga, na hapo ndipo kichefuchefu changu kilipoanza. Watu hudhani kiota ni kitu cha majani mabichi na manyoya laini. Kile kilikuwa mfuko wa takataka. Alileta utando wenye mabawa ya nzi waliofia humo. Akaleta nyuzi za kitambaa cha meza, karatasi ya sigara, nywele zilizobaki katika chanuo la mteja, ngozi iliyovuliwa na mjusi. Kisha akaleta mavi ya viwavi, punje nyeusi ndogondogo, akazibandika nje ya mfuko moja baada ya nyingine, kama seremala anayetia nakshi mlango wa bwana harusi. Alipomaliza, kiota kilifanana kabisa na uchafu ulionaswa na upepo, na bila shaka hiyo ndiyo ilikuwa nia yake: mwewe hatafuti chakula jalalani. Nakubali kwamba ni akili. Sikubali kwamba ni uzuri.

Dume alinichukiza kwa namna nyingine. Ukutani, juu ya karai la kunawia mikono, shangazi alikuwa ametundika kioo ili wasafiri wajipanguse vumbi usoni. Chozi alikigundua. Aliingia kwa kasi, akaona humo dume mwingine mwenye kifua chekundu, akamvamia. Alipigana naye kutwa nzima, mdomo kwa mdomo, kucha kwa kucha, na kwa kila shambulio aliacha mchirizi mweupe ukutani, na mwingine ndani ya karai.

Mteja wetu mmoja wa kila siku, mama mchuuzi wa samaki wakavu aliyekuwa akivuka Busia kutoka upande wa Kenya, aliacha chai yake ipoe ili amtazame.

"Huyu mwanamume namjua," alisema. "Mke yuko kazini, yeye yuko kwenye kioo. Nimemwacha nyumbani asubuhi hii, na shati nimempigia pasi mimi."

"Wako anaimba pia?" shangazi akamuuliza.

"Akishalewa, mama. Na yeye pia huanza alfajiri."

Benchi zima likacheka. Mimi nilichukua kitambaa kwenda kupangusa karai, kisha nikachukua fagio ili nianze na kizingiti, maana chini ya kiota palikuwa pameanza kuwa na madoa. Shangazi akanishika mkono kabla fagio halijagusa chini.

"Hapo hapafagiwi."

Nilidhani anatania. Mwanamke huyu alikuwa amenichapa utotoni kwa kuacha ganda la yai nyuma ya mlango. Lakini hakuwa akitania. Wazee wake upande wa mama waliwahi kuishi miguuni mwa Masaba, mlima tunaouona kaskazini kila mvua inapolisafisha anga, na kutoka kwao alirithi mwiko ambao tangu nizaliwe hakuwahi kupata sababu ya kuutaja. Ndege wa mlima akishuka akajenga juu ya mlango wako, amekuletea riziki ya mlimani. Usimfukuze, usimguse, na pale chini ya kiota usifagie, wala usimwage maji, wala usitandike kitu, mpaka wanawe waruke. Anayefagia hapo anaifagia riziki yake mwenyewe.

"Na kinyesi, shangazi?"

"Kinyesi ni cha kwake. Kizingiti nimemwazima."

Baadaye niliwauliza watu wa vijiji vya jirani, wa Paya, na wa Petta, na hata wa Masinya. Baadhi waliujua mwiko huo, wakausimulia kwa namna yao, wengine walinicheka. Shangazi aliushika wote, mzima, kama dawa ambayo hupunguzi kijiko. Alikuwa mwanamke wa swala tano, na uchafu ule ulimsumbua kuliko alivyokiri. Aliacha kupita mlango wa mbele kwa viatu vya ndani. Aliuhamisha mkeka wake wa kusalia hadi chumba cha uani. Kila alipokuwa akiwapelekea chai wateja wa barazani, alikiruka kizingiti kwa hatua ndefu, sinia mkononi, huku akikunja pua. Alichukizwa kama nilivyochukizwa. Tofauti ni kwamba yeye alivumilia kwa sababu, na mimi nilivumilia kwa sababu yake.

Siku zile dume akawa amegundua pia bakuli la sukari. Chozi ana ulimi mrefu kama uzi, anaouingiza ndani ya ua la mgomba na kufyonza utamu wake, na migomba ya uani ilikuwa na maua tele. Lakini kiumbe anayeweza kupata kitu bila kazi huiacha kazi. Alitua ukingoni mwa bakuli, akaulowesha ulimi, akaurudisha, akaulowesha tena. Kisha huyohuyo akaruka hadi dirishani, akamchomoa buibui mzima wa manjano katika utando wake, akampigapiga ubaoni mpaka tumbo likapasuka, akammeza. Akarudi kwenye sukari kusuuza kinywa. Tangu hapo tulifunika kila kitu kwa sahani, na mimi niliacha kutia sukari kwenye chai, tabia ninayoishika mpaka leo.

Katika siku hizo jike alipokuwa akilalia mayai, nilimwona mgeni mwingine. Wenye kiota walikuwa wametoka wote wawili. Ndege mmoja, mgongo wa kijani cha shaba na tumbo jeupe, alitua kwenye kulabu, akajipenyeza kwenye mlango wa kiota, akakaa muda mfupi kama mtu aliyeingia kuulizia njia, akatoka. Sikutia maanani. Nilikuwa nikisafisha kioo.

Ndipo ikaja habari ya ukaguzi. Baraza la mji lilikuwa limetangaza kwamba hoteli zote zingekaguliwa kabla ya leseni kutolewa upya, na haikuwa maneno matupu. Hoteli ya karibu na soko ilifungwa kwa sababu ya choo, na nyingine kwa sababu panya alipita mbele ya mkaguzi bila haraka, kama mwenyeji. Mkaguzi, ambaye sisi sote tulimwita bwana afya, alikuwa na kufuli mpya katika mkoba wake. Kwa shangazi hakukuwa na la pili. Chumba alicholala kilikuwa kwenye kiwanja hichohicho cha hoteli. Leseni ikikatwa, angekosa chakula na kitanda kwa pamoja, katika umri ambao mwanamke haanzi tena.

Nilimweleza hayo kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa kupanga hoja. Alinisikiliza huku akikanda unga.

"Bwana afya atakuja lini?"

"Haijulikani."

"Na wana wa ndege wataruka lini?"

"Haijulikani."

"Basi wote wawili tuwasubiri," akasema. "Nipe chumvi."

Mayai yalipoanguliwa, uchafu ulipata nguvu mpya. Kinda la chozi hutoa kinyesi ndani ya kifuko cheupe chenye utelezi. Siku za mwanzo mama yake alikipokea kwa mdomo na kukimeza. Baadaye alikibeba kwa mdomo uleule aliolishia na kukidondosha popote, na mara nyingi popote palikuwa hapohapo. Kizingiti kikawa na ukoko kama ukingo wa sufuria ya uji. Sisimizi walikuja, wakafuatwa na nzi wa kijani.

Asubuhi moja, nilipofungua mlango, nilikuta vikinda viwili vimelala juu ya ukoko ule. Vilikuwa uchi, vyekundu, macho bado ngozi iliyofunga, matumbo yanayoonyesha utumbo ndani kama glasi chafu. Kimoja kilikuwa kikipumua. Sisimizi walikuwa wamekwisha kuanza na kile kingine. Nilitapika uani, pembeni mwa jiko, na sioni haya kulisema.

Niliporudi nilisimama juu ya benchi, nikatazama ndani ya kiota. Kulikuwa na kinda moja tu limebaki. Lilikuwa kubwa mno, ngozi yake ya rangi ya ini, mgongo mpana wenye shimo katikati, na liliponisikia lilifungua kinywa cha manjano ambacho kingeweza kumeza kichwa cha mama yake. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mgeni wa mgongo wa kijani. Nilikuwa nimesoma habari za kekeo, ndege asiyejenga wala kulea: hutaga katika kiota cha mwingine, na mwanawe, kabla hajafumbua macho, huwabeba wenzake mgongoni mmoja mmoja na kuwasukuma nje. Kusoma ni jambo moja. Kuona mama mwenye watoto wawili wanaoliwa na sisimizi kizingitini akiwapita juu, akiwa na kiwavi mdomoni, akienda kumlisha aliyewaua, ni jambo jingine. Hakuwatazama chini hata mara moja. Aliyekuwa nje ya kiota hakuwa mwanawe tena.

Nilimwita shangazi, nikamweleza kila kitu. Alipanda juu ya benchi, akatazama, akashuka polepole huku ameshika bega langu.

"Kwa hiyo si wa kwake," alisema.

"Si wa kwake. Ni mwizi. Ni muuaji. Mwiko wako, shangazi, unamhusu ndege wa mlima. Huyu siye. Hakuna tena cha kusubiri. Tukitoe kiota, tufagie."

"Yeye mama anajua kwamba si wake?"

"Hajui."

"Una hakika gani?" Alikuwa anakunjua kanga yake, akajifunga upya. "Mimi nimelisha wangapi ambao sikuwazaa? Na wewe umo. Watu walikuja wakaniambia, huyu hatakukumbuka, huyu ataondoka. Nilijua. Nikaendelea kupika."

Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na kichefuchefu kilekile, kwa sababu alikuwa amenipandisha kwenye kiota kile pamoja na lile kinda la rangi ya ini, bila kukusudia kunitukana.

Mizoga haikufagiwa. Mama mchuuzi alipofika alisimama nje, kikapu kichwani, akanusa.

"Mama, mimi nauza samaki wakavu. Pua yangu ilishakufa zamani. Lakini leo imefufuka."

"Ruka tu, mama, uingie."

"Naruka, naruka. Lakini bwana afya akija na miguu mifupi, utasema nini?"

Na hili ndilo lililonichukiza kuliko yote: biashara ilipanda. Habari zilienea kwamba kwenye hoteli ile kuna kinda la ndege wa mlima lililozidi ukubwa wa mama yake, na watu walikuja kuliona. Walisimama barazani na vikombe vyao, wakatazama kinywa kile cha manjano kikipiga kelele bila kukoma, na yule jike mdogo akisimama juu ya mabega yake ili amlishe. Wakasema: tazama riziki ilivyonenepa. Niliwaambia ni kekeo. Walinitazama kwa huruma ambayo watu wa kwetu wanayo kwa waliosoma sana.

Shangazi alinituma Busia kununua aproni nyeupe na chokaa, kwa kuwa alitaka kila kitu kingine kiwe kamili siku ya ukaguzi. Nilikwenda pamoja na mama mchuuzi. Katika soko lililo jirani na kizuizi cha mpakani, kando ya wauza mitumba, palikuwa na mzee mmoja aliyetandika gunia la vitu vikavu: mizizi, kucha, magamba. Katikati palikuwa na uzi uliotungwa chozi madume, waliokaushwa kwa moshi, matumbo yametolewa, macho yamekuwa mashimo. Vifua vyao tu ndivyo vilivyobaki vyekundu, vyekundu vilevile, kana kwamba rangi haikuwa imepata habari za msiba.

"Ni vya nini?" nilimuuliza mama mchuuzi.

"Unashona kifua ndani ya pochi, wateja wanakuja. Kila mwenye duka hapa anacho, ila hasemi."

"Na wewe?"

Alicheka, akapiga kiuno chake mahali alipofungia pochi. "Mimi ni mkristo, mwalimu. Nimeweka kidogo tu."

Nakumbuka nilisimama pale na kopo la chokaa mkononi, nikawachukia wote: wanaomkausha ndege ili watajirike na wanaomwachia anye mlangoni ili watajirike. Nilimchukia ndege kwa kuwa mzuri kiasi cha kuwapotosha wote wawili. Tulirudi Tororo. Kikapu chake kilinuka samaki, na kwa mara ya kwanza harufu ile ilinipa faraja, maana haikudai kuwa kitu kingine.

Bwana afya alikuja siku ya pili yake, mapema, kabla ya wateja wengi. Alikuwa kijana mwenye kaptura iliyonyooshwa, mzaliwa wa Petta. Aliingia kwa mlango wa uani, akakagua jiko, akafunua sufuria, akapitisha kidole chini ya meza na kukitazama. Kidole kilikuwa safi. Aliitazama aproni ya shangazi, akaridhika. Kisha akaelekea mbele.

"Mama! Hii ni nini?"

"Ni kizingiti, bwana."

"Kizingiti iko na mavi! Watu nakula hapa, na mlango iko namna hii? Jiko yako iko safi kushinda hospitali, lakini hapa mbele..." Alifunika pua. Mifupa miwili midogo ilikuwa bado juu ya ukoko, myeupe kama vijiti vya kiberiti. "Fagia hii sasa. Ukifagia, mimi nakupa leseni. Ukikataa, nafunga."

Aliitoa kufuli mkobani, akaiweka mezani. Shangazi akaenda nyuma ya mlango, akachukua fagio, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni kitu.

"Fagia wewe, mwanangu."

Kijana akalipokea. Akainua macho kwenye kulabu. Pale juu, dume alikuwa ametua na kuanza kuimba, kifua kikiwaka katika jua la asubuhi, na jike alikuwa akiingiza kichwa chake chote ndani ya koo la yule mtoto. Niliona uso wa bwana afya ukibadilika. Mama mchuuzi, aliyekuwa kwenye benchi la ndani, naye aliona.

"Petta mnamjua huyo ndege?" akamuuliza.

"Tunajua."

"Basi fagia, serikali."

Hakufagia. Alilishika fagio kama mtu aliyeshikishwa mtoto aliyejikojolea. Alijaribu kumpa mama mchuuzi, naye akaficha mikono kwapani. Mwishowe akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye ulisoma? Wewe hauamini hii maneno?"

"Siamini."

"Basi fagia wewe. Mimi naandika."

Nilimtazama shangazi. Hakunikataza. Hakusema fagia, wala hakusema usifagie. Alikuwa akiitazama kufuli iliyokuwa mezani. Nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba asingelishika fagio lile hata kama angelala njiani usiku uleule, na kwamba hakuna mtu katika chumba kile aliyeweza kuiokoa hoteli yake isipokuwa mtu ambaye kwake kizingiti kilikuwa kizingiti tu.

Nikafagia. Ukoko haukutoka kwa fagio. Ilinibidi nipige magoti, nikaukwangua kwa kisu cha kumenyea ndizi, kisha kwa maji ya moto na majivu. Harufu iliyopanda ukoko ulipolowana ilikuwa ya samaki, yai viza na sukari iliyochacha, na iliniingia kooni ikakaa. Mifupa ile miwili ilinasa kwenye nyuzi za fagio. Juu yangu dume aliimba bila kukosa sauti hata moja, na kabla sijamaliza, kekeo alinidondoshea kifuko chake begani. Wakati wote ule niliojiambia jinsi nitakavyofurahi siku ya kukisafisha kizingiti, sikuwaza kwamba watu watanitazama wakiwa kimya vile, kama wanavyomtazama anayeosha maiti.

Bwana afya aliandika leseni, akanywa chai, akalipa, akatoka kwa mlango wa uani.

Siku chache baadaye kinda liliruka. Lilisimama ukingoni mwa kiota, likaliangalia bati la jirani, likaondoka bila kugeuka. Jike alirudi na kiwavi mdomoni, akaingiza kichwa kiotani, akakitoa, akaingiza tena. Alifanya hivyo mpaka kiwavi akaacha kujinyonganyonga. Dume alikuwa kwenye kioo.

Hoteli haikuanguka. Nalisema wazi, kwa sababu wanaopenda hadithi za miiko hunisubiri hapa. Wateja waliendelea kuja, sufuria ziliendelea kung'aa, na kizingiti shangazi alikifagia mwenyewe kila alfajiri tangu siku ile kinda liliporuka, kwa nguvu ya mtu anayelipa deni. Nilipangiwa shule Busia, nikawa nikirudi kila mwisho wa wiki. Hakunilaumu kamwe. Siku ile niliyofagia aliniwekea chakula kizuri kuliko cha bwana afya, akanisugulia bega kwa limau mpaka doa likatoka. Nikiulizwa leo, nitakifagia tena kizingiti kile, na nitatapika tena.

Ila jambo moja lilibadilika, na lilibaki hivyo hadi alipofariki. Kila nilipofika kwake na kuinua fagio, kama binti yeyote anavyofanya anaporudi kwao, alikuja kutoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni, akalichukua mkononi mwangu kwa upole.

"Acha, mwanangu," alikuwa akisema. "Wewe kaa, unywe chai. Kwangu hufagii."